Shangazi, nani alimpikia baada ya mamake kufa?

Hujambo Shangazi?

Mimi ni baba wa watoto wawili. Naishi Umoja na nauza spika na redio za magari huko barabara ya Luthuli, Nairobi. Sijawahi kuandika barua ya aina hii, na mke wangu akijua atanicheka, lakini usingizi umeniisha.

Likizo ya Aprili nilipata pesa kidogo, nikaamua kuwapeleka watoto sinema. Mkubwa ni mvulana wa miaka tisa, yuko gredi ya nne. Mdogo ni msichana wa miaka mitano, yuko PP2, mwaka wa pili wa chekechea. Nilichagua katuni. Nikatazama bango, nikaona imeandikwa GE, yaani ya watu wote. Nikanunua tiketi tatu, bisi na soda, nikajiambia leo na mimi nimekuwa baba.

Kama nusu saa hivi baada ya kuanza, mnyama mmoja ambaye ni mama anakufa. Hawakuonyesha damu. Kulikuwa na kishindo, halafu kimya, halafu yule mtoto wake akaanza kumwita. Binti yangu aliteleza chini ya kiti akanishika mguu kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto uliofurika. Nilipomwinua nikakuta amejikojolea. Watu wa nyuma wakaanza kunong'ona. Nikambeba, nikamshika kaka yake mkono, tukatoka. Bisi zilibaki kitini.

Sasa ni wiki tatu. Usiku haendi choo peke yake hata taa ikiwa imewashwa. Na kila jioni tukiwa mezani anauliza swali moja: "Baba, nani alimpikia yule mtoto baada ya mamake kufa?" Mimi namwambia hiyo ni katuni tu, wanyama hawapiki. Kesho yake anauliza tena.

Kaka yake hakulia hata kidogo, yeye ni mwanaume. Ila siku hizi nikichelewa kazini ananipigia kwa simu ya mamake mara tatu, nne, anataka kujua nimefika stage gani ya matatu. Sijui kama hilo linahusika.

Mke wangu anasema nimemharibu mtoto kwa pesa yangu mwenyewe. Yeye humwekea vibonzo vya kwenye simu, vile vya rangi kali, watu wanaanguka, wanalipuka, wanaamka, wimbo juu ya wimbo, na hakuna anayekufa. Mtoto anaweza kukaa saa mbili bila kulia, ila ukichukua simu ni vita. Mama mkwe naye alikuja kutoka Machakos, akasema sote wawili hatuna akili, katuni zote ni upuzi, watoto wapewe hadithi kama zamani. Jioni hiyohiyo akawatambia ya zimwi lililomeza kijiji kizima, na binti yangu akacheka mpaka akashika tumbo! Hapo ndipo nilichanganyikiwa kabisa.

Mwezi ujao anatimiza miaka sita, na kaka yake ananisumbua turudi sinema. Katuni nzuri ya mtoto ni ipi hasa, Shangazi? Isiyo na kifo? Yenye mafunzo? Ya kufundisha herufi? Au nimsikilize mama mkwe nizime kila kitu?

Baba Watoto, Umoja

*

Baba Watoto,

Mtoto wako hajaharibika. Aliogopa, na aliogopa kwa sababu alikuwa ameifuata hadithi vizuri kuliko hao waliokuwa wakinong'ona nyuma yenu.

Hebu lisikilize tena swali lake. Hataki kujua yule mama alikufaje, wala aliyemuua alikwenda wapi. Anataka kujua nani alimpikia mtoto. Ukiwa na miaka mitano, kufiwa na mama ni jambo la sufuria: nani atanipa chai, nani atanifunga kamba za viatu, nani atanishika mkono tukivuka barabara kwenda shuleni. Filamu ilikuwa imeliuliza swali hilo kwa kishindo, na ilikuwa imebakiza zaidi ya saa nzima ya kulijibu. Wewe ukamtoa nje kabla ya jibu.

Sikulaumu. Mtoto amelowa, watu wananung'unika, hata mimi ningetoka. Lakini tangu siku hiyo binti yako amekwama katika dakika ileile. Kwake yeye, yule mnyama mdogo bado yuko palepale anaita. Ukimwambia "ni katuni tu" humsaidii, na hili si langu mwenyewe. Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyechunguza hofu za watoto mbele ya runinga na sinema kwa miaka mingi, aliona kwamba maneno ya "si kweli" hayamtulizi sana mtoto mdogo. Kinachomtuliza ni kushikwa, kupakatwa, kupewa kitu cha kunywa. Kumbe pale chini ya kiti alipokumbatia mguu wako alikuwa tayari anajitibu.

Hukunitajia jina la filamu, na hata ungelitaja lisingebadili jambo, maana za namna hiyo ni tele. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa watu waliochukua katuni 45 zilizoingiza pesa nyingi, kuanzia ya mwaka 1937 hadi ya 2013, wakazilinganisha na filamu 90 za wakubwa. Thuluthi mbili ya katuni zilikuwa na kifo cha mhusika muhimu. Za wakubwa zilikuwa nusu. Na katika katuni wazazi ndio waliokuwa hatarini hasa. Kwa hiyo ukiamua kutafuta isiyo na kifo utabaki na chache, na nyingine kati ya hizo chache zitakuwa uji usio na sukari.

Watunzi hawaui wazazi kwa ukatili. Mzazi akiwepo, safari haipo. Mhusika akifungua tu mlango aende kutafuta hazina, mamake atamwambia rudi ndani uoge.

Tuje kwa mama mkwe, maana bila kujua amekufanyia jaribio zuri kuliko la profesa yeyote. Zimwi linalomeza kijiji, na mbuzi, na kuku, na mama wajawazito, linatisha kuliko kifo kimoja kisicho na damu. Mbona mtoto alicheka? Fikiria alikuwa ameketi wapi. Bila shaka alikuwa karibu na nyanyake, kwenye mwanga, na sauti iliyokuwa ikinguruma kama zimwi ni sauti aliyoijua tangu akiwa mgongoni. Nyanya akiona macho yamekuwa makubwa mno, anapunguza. Akiona wanasinzia, anaongeza. Na hadithi za zimwi, nijuavyo mimi, haziishii tumboni mwa zimwi. Linapasuliwa, na watu wanatoka mmoja mmoja mpaka kuku wa mwisho. Binti yako alifikishwa mwisho.

Tena kuna jambo dogo ambalo sisi tulilizoea hata tukalisahau. Mtambaji husema "Paukwa!" na kusubiri. Hadithi haiendi mpaka watoto wajibu "Pakawa!" Wao ndio wanaofungua mlango. Sinema haisubiri Pakawa ya mtu.

Lakini katuni nzuri husubiri, kwa njia yake. Hilo ndilo ningelitazama kwanza kabla ya kifo, kabla ya mafunzo, kabla ya herufi: je, filamu hii inampa mtoto nafasi ya kupumua na kuwaza, au inamkimbiza? Mjapani Hayao Miyazaki alitengeneza mwaka 1988 filamu ya *My Neighbor Totoro*. Humo hakuna adui hata mmoja. Wasichana wawili wamehamia kijijini na baba yao, mama yuko hospitalini. Kuna sehemu wanasimama kituo cha basi usiku, mvua inanyesha, wanamsubiri baba na mwavuli wake. Basi linakuja, baba hayumo. Basi linakuja, baba hayumo. Kisha jitu kubwa lenye manyoya linakuja kusimama kando yao na jani kichwani, matone yanaanguka, tone, tone, na dada anampa ule mwavuli. Ukiwasimulia watu wa Luthuli watakuuliza sinema ni wapi hapo. Lakini mtoto akiiangalia, unaona anavyonyamaza. Anasubiri basi pamoja nao.

Mwaka 2002 Miyazaki alizungumza na mhakiki wa filamu wa Marekani, Roger Ebert, kuhusu vipindi hivyo vya kimya. Akapiga makofi mara tatu au nne, akamweleza kwamba ule muda ulio kati ya kofi na kofi Wajapani wana neno lake, *ma*. Wewe muuza spika utalielewa hili upesi kuliko wengi. Besi isiyopumzika si muziki, ni kelele.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na mama watoto, kwa heshima zote. Mwambie simgombezi; najua anapika, anafua, na simu ndiyo yaya pekee asiyeomba mshahara. Lakini katuni isiyoliza si lazima iwe salama. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia walichukua watoto 60 wa miaka minne. Baadhi walitazama katuni ya kasi kwa dakika tisa tu, ambayo picha ilikuwa ikibadilika kabisa kila baada ya sekunde 11 hivi. Wengine walitazama ya polepole ya kielimu, ambayo picha ilikaa kama sekunde 34. Wa tatu walipewa karatasi na kalamu za rangi. Baadaye wote walipewa vijikazi vya kufuata maagizo, kupanga na kungoja kitu kitamu. Wale wa katuni ya kasi walifanya vibaya zaidi. Nisikutishe: watoto walikuwa wachache na walipimwa papo hapo, hakuna aliyethibitisha hapo kwamba ubongo umeharibika. Lakini vita unavyoviona simu ikichukuliwa, naona vinafanana na hayo. Mtoto aliyekimbizwa saa mbili hawezi kusimama ghafla.

Nyinyi mlichukulia machozi kuwa dalili ya filamu mbaya na utulivu kuwa dalili ya nzuri. Mimi huangalia kesho yake. Mtoto akiamka akageuza leso kuwa mabawa, akampa mdoli jina, akabishana na kakake kwamba yule fisi hakuwa mbaya ila alikuwa na njaa, filamu hiyo imemwachia kitu cha kufanya. Akiamka akataka tu nyingine, na hawezi kukusimulia hata moja kati ya kumi alizoziona jana, basi alikuwa anatafuna bigijii. Binti yako baada ya wiki tatu bado ana swali. Filamu uliyoilaani haikuwa mbaya kama unavyodhani; ilimzidi tu umri na kelele, kisha ikakatwa.

Kuhusu kelele, wewe usingoje nikueleze. Unajua besi inavyogonga kifua, na kifua cha miaka mitano ni kidogo. Cantor huyohuyo aliona kwamba watoto wa chini ya miaka saba hivi huogopa zaidi wanachokiona na kukisikia: sura ikibadilika ghafla, kishindo, giza. Wakubwa kidogo hawajali sana sura. Wao huogopa jambo linaloweza kutokea kweli.

Ndiyo, namzungumzia mwanao. Umeniandikia kwamba hakulia kwa kuwa ni mwanaume, na mstari unaofuata ukaniambia anakupigia simu mara nne kuuliza umefika stage gani. Mwanangu, hilo linahusika sana. Binti aliogopa kishindo, na hofu yake ikaonekana hapohapo. Kaka yake alielewa kwamba mzazi anaweza kutoka asubuhi asirudi, na hana wa kumuuliza kwa sababu nyumbani kwenu anayeruhusiwa kulia ni mdogo. Usimkaripie kwa hizo simu. Mpigie wewe kwanza, kabla hajashika ya mamake.

Zile herufi GE zinatolewa na KFCB, bodi inayoainisha filamu nchini. Kuna GE ya watu wote, PG ya mtoto kuelekezwa na mzazi, kisha 16 na 18. Ni kazi ya maana, ila inakuambia tu kilichopungua ndani ya chungu: hakuna matusi, hakuna uchi, hakuna damu. Haisemi kama mchuzi una ladha, wala haijui kwamba wako ana miaka mitano na wa jirani ana kumi. Kuonja ni kazi yako. Itazame wewe kwanza, au angalau dakika kumi. Zima sauti. Ukiweza kujua nani anataka nini kwa kutazama nyuso na mwendo tu, basi waliochora wamefanya kazi yao. Kisha washa sauti ufumbe macho. Wakiwa wanapiga mayowe mwanzo hadi mwisho, tafuta nyingine. Na ukijikuta unacheka sana wewe, angalia wanao wanacheka pia. Kuna katuni zilizotengenezwa kuwachekesha wazazi juu ya vichwa vya watoto.

Mafunzo? Siyakatai, lakini mtoto hunusa hotuba kama anavyonusa dawa kwenye kijiko cha asali. Afadhali filamu ambamo mwizi anaona aibu kuliko ile ambamo bundi anasimama mwishoni kueleza kwamba wizi ni mbaya.

Na usidhani lazima utoke nje kuyatafuta. *Tinga Tinga Tales*, vipindi 52, vilichorwa hapahapa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Rangi zake na madoadoa yake vinafuata mtindo wa mchoraji Mtanzania Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Ni hadithi za usuli zilezile alizosoma mwanao kwenye fasihi: kwa nini tembo ana mkonga, na wenzake. Kila moja inaanza na swali na kumalizika kwa jibu, na binti yako, kama tulivyoona, anapenda maswali yake yajibiwe. Kuna pia *Akili and Me* kutoka Dar es Salaam, inayopatikana kwa Kiswahili. Mhusika wake ana miaka minne na anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Hiyo itamfaa mama watoto anapotaka nusu saa ya kupika: inafundisha herufi na hesabu, na haikimbii.

Sasa fanya hivi. Itafute ile filamu mliyoiacha. Itazame peke yako mpaka mwisho, usiku, watoto wamelala. Ukiona mwisho wake hauna faraja, iache, nitakuwa nimekosea. Ukiona yule mtoto anapata wa kumlea, mwonyeshe mwanao mkubwa Jumamosi asubuhi, nyinyi wawili tu, mkae mzungumze habari za simu na stage. Kisha mpe kazi: yeye ndiye atakayemtambia dadake sehemu iliyobaki. Aanze na Paukwa, amsubiri. Atakuwa na miaka tisa na atajisikia mzee wa kijiji.

Dadake akijibu Pakawa na akataka kuona kwa macho, mwonyesheni nyumbani, mchana, pazia wazi, sauti ya chini, amekaa mapajani mwako na kidole chake kikiwa kwenye kitufe cha kusimamisha. Mwambieni mapema mama anakufa wapi na nani anakuja baadaye. Akiisimamisha filamu mara kumi, isimame mara kumi. Akikataa kabisa, hadithi ya kakake inatosha.

Sinema ya siku ya kuzaliwa iache kwa sasa. Siku hiyo ni karibu mno na wiki hizi tatu. Mpeleke kaka yake siku nyingine, onyesho la mchana, kiti cha pembeni karibu na njia, na kama mtu yeyote atalia, hata akiwa ni wewe, msitoke.

Naye binti, leo jioni akiuliza tena nani alimpikia, usimweleze habari za wanyama. Nenda jikoni mwenyewe, umwite asimame juu ya kigoda akuone ukipika. Ugali wako ukitoka na madonge, kaka mtu atacheka. Mwache acheke.

Shangazi